Jinsi ya Kutazama Kupatwa kwa Jua Ukiwa Katikati ya Umati

Jua likipatwa lote, giza lake halizidi dakika saba na nusu hivi mahali popote duniani. Mara nyingi ni dakika mbili au tatu tu. Kwa ajili ya dakika hizo watu huvuka bahari na majangwa, wakajikuta kwenye uwanja mmoja na maelfu ya wengine wasiofahamiana. Nimewahi kusimama karibu na bwana mmoja aliyesafiri siku mbili, halafu giza lilipoingia akalimaliza lote ameinama, anahangaika kuzima mwanga wa simu uliokuwa unatuchoma macho sisi sote. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limesharudi.

Kosa lake lilianza nyumbani, kabla hata ya safari: hakuwa amejiandaa kukaa bila kazi. Mwongozo huu umepangwa kwa lengo hilo. Kila linaloweza kufanywa mapema lifanywe mapema, ili giza likifika usiwe na kitu cha kushika wala cha kutafuta, na usimharibie jirani.

Hatua ya 1: Hakikisha unakwenda ndani ya ukanda

Jua lina kipenyo kikubwa kuliko cha mwezi mara 400 hivi, na liko mbali nasi kuliko mwezi mara 400 hivi. Ndiyo maana mwezi, mdogo ulivyo, unaweza kulifunika barabara. Lakini kivuli chake kizito kikifika ardhini huwa chembamba: ukanda wenye upana wa kilomita mia na kitu, na jua likiwa juu angani ni nadra uzidi kilomita 260 hivi. Walio nje ya ukanda huo huona jua limemegwa tu.

Wengi hudanganywa na asilimia. Mtu anasikia mjini kwake jua litafunikwa asilimia 99, anasema hiyo inatosha, ya nini kwenda mbali? Haitoshi. Jua hung'aa kama mwezi mpevu mara 400,000 hivi, kwa hiyo asilimia moja iliyobaki bado ina mwanga wa mwezi mpevu 4,000. Hutaona nyota wala taji la jua, ule mwanga mweupe unaolizunguka, na miwani ya kutazamia jua hutaivua. Kati ya asilimia 99 na 100 ndiko kuliko na kila kitu watu wanachokifuata.

Angalia pia ni kupatwa kwa aina gani. Mwezi ukiwa mbali kidogo na dunia, haulitoshi jua, ukabaki mviringo wa moto pembeni. Huko ni kupatwa kwa kipete. Waliokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 waliona pete hiyo. Ni jambo la kupendeza, lakini giza haliingii na miwani haivuliwi hata kwa sekunde moja. Usichanganye hayo mawili unapokata tiketi.

Tarehe za kupatwa kikamilifu zinajulikana miaka mingi kabla. Tarehe 12 Agosti 2026 kivuli kinapita Greenland, Iceland na Hispania. Tarehe 2 Agosti 2027 kinapita kusini mwa Hispania, kinafuata Afrika Kaskazini hadi Misri, kinavuka Bahari ya Shamu kwenda Saudia na Yemen, kisha kinagusa ncha ya Somalia. Karibu na mji wa Luxor, Misri, giza linakaa dakika 6 na sekunde zaidi ya 20, muda ambao wapenzi wa jambo hili huusubiri kwa miaka mingi. Tarehe 22 Julai 2028 ni zamu ya Australia, Sydney ikiwamo, na New Zealand. Tarehe 25 Novemba 2030 ni Namibia, Botswana na Afrika Kusini, kisha Australia tena.

Ukishapata ramani ya ukanda, utaona mstari wa katikati, na utaona kila kampuni ya utalii imejipanga juu yake. Huna haja ya kubanana nao. Ukisogea nusu ya njia kutoka mstari huo kuelekea ukingoni, unapoteza takriban asilimia 13 tu ya muda wa giza. Dakika nne zinakuwa tatu na nusu hivi, na huenda umepata kiwanja chenye robo ya watu. Mimi ningekubali biashara hiyo kila mara. Ukingoni kabisa usiende, maana huko sekunde huyeyuka upesi.

Hatua ya 2: Chagua anga kwanza, kitanda baadaye

Wingu moja tu linatosha kukurudisha mikono mitupu. Tarehe 22 Julai 2009 umati mkubwa ulikusanyika Shanghai, kwenye ukanda wenye mojawapo ya magiza marefu ya karne hii, mvua ikanyesha. Cornwall, Uingereza, tarehe 11 Agosti 1999, mambo yalikuwa hayohayo: maelfu ya watu chini ya dari la mawingu. Hata Arthur Eddington, mwanaastronomia wa Uingereza aliyekwenda kisiwa cha Príncipe kupima kama mwanga wa nyota hupindwa na jua kama alivyodai Einstein, aliamka tarehe 29 Mei 1919 akakuta mvua. Mawingu yakaachana kidogo, na picha alizopiga zikafaa chache tu. Chache hizo zilitosha. Wewe usitegemee bahati ya namna hiyo.

Kwa hiyo tafuta historia ya mawingu ya mwezi ule, mahali pale, saa ile. Luxor mwezi Agosti ni karibu hakuna wingu, ila joto hupita nyuzi 40, na hilo ni tatizo la aina nyingine. Pwani na milimani mawingu hubadilika haraka, kwa hiyo huko lala mahali penye barabara zaidi ya moja ya kutokea.

Mkisafiri kwa kundi, amueni mapema nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu kuhama, na saa ngapi mjadala unafungwa. Nimeshuhudia basi zima likibishana huku jua limeshaanza kumegwa, nusu wanataka kukimbilia magharibi, nusu wanataka kubaki. Tulibaki kwa sababu ubishi ulimaliza muda. Siku hizi huweka mpaka wa saa tatu kabla ya giza: baada ya hapo hakuna anayehama, liwe liwalo.

Hatua ya 3: Miwani, na isiwe moja

Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina mishipa ya maumivu. Jua linaweza kuiunguza usisikie kitu, ukaja kugundua saa kadhaa baadaye, au asubuhi yake, kwamba katikati ya unachokitazama kuna doa. Ndiyo sababu hakuna mzaha hapa.

Miwani inayofaa huandikwa ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha vichujio vya kutazamia jua, lakini maandishi yanaweza kuchapishwa na yeyote, hivyo nunua kwa muuzaji anayejulikana na kisha ijaribu mwenyewe. Ukiivaa ndani ya nyumba usione chochote, isipokuwa pengine taa kali sana kwa mbali na kwa ufifi. Ukiliangalia jua, lionekane kama sarafu isiyoumiza macho, na pembeni yake pawe peusi. Ikiwa na tundu, mkwaruzo au karatasi iliyoachia, itupe. Kioo cha wachomeleaji namba 14 kinafaa. Miwani ya kawaida ya jua haifai, hata ukivaa mitatu kwa pamoja. Vivyo hivyo filamu za eksirei, kioo kilichopakwa masizi na sahani za muziki.

Kosa baya kuliko yote ni kuvaa miwani hiyo halafu kutazama kwa darubini. Darubini hukusanya mwanga ukatoboa chujio la miwani na kufika jichoni. Chujio la darubini au kamera hufungwa mbele, upande unaolielekea jua, na lifungwe imara upepo usilipeperushe.

Chukua jozi mbili tatu za ziada. Kwenye umati hakosekani aliyesahau zake, na mtu asiye na miwani atachungulia tu, umwambie usimwambie. Hatua za mwanzo ni ndefu, hivyo jozi moja inaweza kupokezanwa na watu watatu bila yeyote kukosa kitu.

Hatua ya 4: Fika mapema, usimame penye akili

Ingia eneo lako siku moja kabla, au alfajiri ikishindikana. Kisha tafuta mahali kwa kuzingatia urefu wa jua angani saa ya giza. Hili watu hulisahau. Tarehe 12 Agosti 2026, kwa upande wa Hispania, jua linapatwa likiwa karibu kuzama. Kilima kidogo au jengo upande wa magharibi linatosha kukunyima kila kitu. Nenda siku moja kabla, saa ileile, uone jua limekaa wapi. Luxor mwaka 2027 ni kinyume chake: ni karibu saa saba mchana na jua liko nyuzi 82, utosini kabisa. Ukisimama utavunjika shingo. Lete mkeka ulale chali, na lete kivuli cha kujikinga saa zote za kusubiri.

Kaa mbali na taa za barabarani, za maegesho na za mabango. Nyingi hujiwasha zenyewe mwanga ukipungua, na hazijui kwamba hii si jioni. Usikae pia karibu na njia ya magari.

Katikati ya umati kuna shangwe, pembeni kuna nafasi. Mimi hukaa pembeni, upande ulio wazi kuelekea kivuli kinakotokea, na mara nyingi ni magharibi. Mti wenye majani ukiwa jirani ni neema. Utaona kwa nini.

Mtandao wa simu huelemewa watu wanapokuwa wengi. Pakua ramani kabla, andika saa za matukio kwenye karatasi, na mpange na wenzenu mahali pa kukutana mkipotezana. Msemo wa "nitakupigia" hautafanya kazi. Kuhusu choo, nenda wakati jua limemegwa nusu, kabla foleni haijawa ndefu. Watu wote hukumbuka choo dakika kumi na tano kabla ya giza.

Hatua ya 5: Ongea na majirani kabla ya giza

Penye wengi pana mengi, na mengine ni taa. Jicho linahitaji giza ili kuona nyuzi nyembamba za taji la jua, na mwanga mmoja wa kamera huwaharibia watu hamsini. Saa moja kabla, geukia walio karibu nawe, wasalimie, muulizane kila mtu ametoka wapi, halafu uombe kwa upole: kamera zizimwe mwanga wa kujiwasha, mwangaza wa skrini ushushwe hadi chini kabisa, taa za magari zisiguswe. Watu wengi hukubali mara moja. Hawakuwa wabaya, hawakuwaza tu. Maombi yaleyale giza likishaingia hugeuka ugomvi, na ugomvi utakula dakika zako pia.

Chagueni msema saa mmoja. Kazi yake ni kutangaza kwa sauti: dakika kumi zimebaki, dakika moja, vueni miwani, na sekunde thelathini kabla ya mwisho atoe ilani ya kuivaa tena. Asipokuwapo, kila mtu atahesabu vyake na kelele itakuwa ya sokoni. Msema saa mzuri ni yule aliyewahi kuona kupatwa kwingine, kwa sababu hatapigwa na bumbuwazi jua likitoweka. Wa kwetu safari moja alifika "vueni" akanyamaza, akasahau kabisa ile ilani ya mwisho. Weka na king'ora kidogo cha simu mfukoni kama akiba.

Muziki na droni viachwe. Kama kuna kundi lenye spika, zungumza nao mapema kuliko wote. Watoto waelezwe kwamba kutakuwa usiku mfupi na kwamba watu wazima huenda wakapiga mayowe. Mtoto anayeogopa haogopi giza peke yake, huogopa zaidi sura ya mama yake akilia. Miwani yao ifungwe na mpira nyuma ya kichwa, na kila mtoto awe na mtu mzima mmoja wa kumwangalia.

Hatua ya 6: Saa moja na zaidi ya kungoja

Kuanzia mwezi unapoligusa jua hadi giza, hupita takriban saa moja au saa moja na nusu. Nusu ya kwanza haina mambo mengi. Tazama kwa miwani kila baada ya dakika chache, kunywa maji, pumzika.

Nenda chini ya ule mti. Nafasi ndogo kati ya majani huwa kama matundu ya kamera, na kila doa la mwanga ardhini hugeuka jua dogo lenye umbo la mwezi mwandamo. Kama hakuna mti, pishanisha vidole vya mikono miwili au inua chekeche juu ya karatasi nyeupe. Hapo utapata marafiki haraka, hasa watoto.

Dakika ishirini za mwisho zina mambo, na usizikose kwa kushika kamera. Mwanga unapungua lakini hauwi wa jioni. Hauna wekundu, una rangi ya bati. Vivuli vinakuwa na kingo kali kiasi kwamba unaona kivuli cha unywele. Joto linashuka nyuzi kadhaa, upepo unaweza kubadilika. Ndege huelekea viotani, wadudu wa usiku huanza kuimba. Ukitandika shuka jeupe, dakika moja au mbili kabla ya giza unaweza kuona mistari hafifu ya mwanga na kivuli ikitembea juu yake kama mawimbi chini ya maji. Husababishwa na hewa kutikisa mwanga wa utepe mwembamba wa jua uliobaki. Si kila mara huonekana.

Mwishoni kabisa tazama magharibi. Kivuli cha mwezi kinakuja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,700 kwa saa, na kama uko mahali pa juu utaliona giza lenyewe likija kama ukuta wa mvua.

Hatua ya 7: Giza

Jua linabaki uzi, uzi unakatika vipande. Vipande hivyo huitwa shanga za Baily, kwa jina la Francis Baily aliyevieleza baada ya kuvitazama mwaka 1836. Ni mwanga unaopenya mabonde ya ukingo wa mwezi. Inabaki shanga moja inayong'aa peke yake kwenye mduara: pete ya almasi. Bado una miwani. Kanuni yangu ni rahisi: ukitazama kwa miwani na ukawa huoni kitu chochote kabisa, ndipo uivue.

Sasa tazama kwa macho matupu. Mahali pa jua pana tundu jeusi, na kulizunguka kuna taji jeupe, korona, lenye nyuzi zinazotanuka mbali. Mwanga wake unakaribia wa mwezi mpevu, ndiyo maana haudhuru. Umbo lake halirudii lilelile: jua likiwa na misukosuko mingi katika mzunguko wake wa miaka 11 hivi, taji husambaa pande zote, na likitulia hunyoosha mabawa marefu pande mbili. Ukingoni tafuta vidoa vyekundu vya waridi. Ni ndimi za gesi za jua. Mwenye darubini ndogo aondoe chujio sasa, atazame sekunde ishirini, ampe jirani.

Kisha jilazimishe kushusha macho. Mbali, kandokando ya dunia pande zote, kuna rangi ya machweo. Kila upande unaogeukia ni magharibi. Zuhura mara nyingi huonekana wazi. Na watazame watu. Kuna anayelia, kuna anayecheka bila sababu, kuna mzee amevua kofia. Kwa maoni yangu hiki ndicho kinachostahili kurekodiwa. Kabla ya giza simamisha simu ikiwaelekea watu, bonyeza irekodi, funika skrini, iache. Picha za taji zitakuwa tele kesho kutoka kwa wenye vifaa, lakini sauti ya umati wako hakuna mwingine atakayekuwa nayo.

Kama kuna mawingu, usiondoke. Hutaona taji, lakini giza litashuka juu yako kama taa iliyozimwa na mayowe yatasikika uwanja mzima.

Hatua ya 8: Mwanga ukirudi

Ilani ikitolewa, darubini zishuke kwanza. Upande wa magharibi wa tundu utapata weupe, halafu almasi ya pili inawaka ghafla kuliko ya kwanza. Ukiiona, geuza uso na uvae miwani. Hapa ndipo wengi huumia macho, kwa kung'ang'ania sekunde moja zaidi.

Usikimbilie gari. Tarehe 21 Agosti 2017 huko Marekani, barabara nyingi ndogo ziligeuka maegesho mara tu jua liliporudi, kwa sababu waliofika kwa siku tatu walitaka kuondoka kwa nusu saa. Jua lina saa nzima na zaidi ya kufunguka. Kaa, kula, ongea na wale uliowaomba wazime taa. Ukiweza lala palepale uondoke kesho, na kama hauwezi, jaza mafuta na maji kabla ya siku yenyewe, maana baadaye vituo vitakuwa na foleni.

Okoteni takataka, hasa miwani ya karatasi inayotupwa ovyo. Ile isiyo na mkwaruzo iweke ndani ya bahasha ngumu, mahali pakavu, iandike tarehe ya kununuliwa. Itapimwa upya ndani ya nyumba kabla ya safari ijayo, kwa njia ileile: ukiivaa, usione kitu.